Je, pH ni Kiwango cha Asidi? Uhakiki wa Istilahi za Maji ya Tangi la Samaki

Miongoni mwa tafsiri zilizoenea katika maandishi yetu ya kilimo, ya ufugaji wa samaki na ya usafi wa maji, imo moja ambayo wengi wetu tumeipokea bila ya kuihoji. Nayo ni ile ya kuiita pH "kiwango cha asidi" au, kwa wale wapendao neno la zamani zaidi, "kiwango cha tindikali". Mkulima huambiwa kwamba zao fulani hustawi katika udongo wenye kiwango cha tindikali cha 6 hadi 7. Mfugaji wa samaki naye huambiwa apime kiwango cha asidi cha maji yake, na ahakikishe kwamba hakizidi 8. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo haifai, na kwamba kasoro yake si ya ladha ya lugha tu. Ni kasoro ya maana, kwa sababu humpeleka msomaji kinyume kabisa cha kule alikokusudia mwandishi wa asili.

Nimechagua kuipima tafsiri hii ndani ya tangi la samaki la nyumbani, lile tangi la kioo ambalo wengine huliita akwariamu. Yumkini wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya wachache, na kwamba mwanaistilahi angefanya vema kushughulika na shamba kwanza. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini shambani kosa la tafsiri huchukua msimu mzima kuonekana, na likionekana husingiziwa mvua, mbegu au mchwa. Ndani ya tangi la lita 60 kosa hilo hilo huonekana kabla ya jua kuchwa, na hakuna pa kulificha. Tena, samaki wenyewe ni wetu. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yana jamii nyingi za samaki wadogo wa rangi ambao kwa miongo mingi wamesafirishwa kwenda kwa wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani. Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970, aliandika kitabu kikubwa juu ya samaki wa Tanganyika mwaka 1978, nacho kiko katika Kiingereza. Kwa hivyo mtu wa Kigoma au wa Dar es Salaam atakaye kumfuga samaki wa ziwa lake mwenyewe hana budi kusoma habari zake katika lugha ya mbali, au kusubiri mfasiri.

Hebu basi tuitazame dhana yenyewe. Alama ya pH iliingizwa katika sayansi mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, S. P. L. Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Alitaka njia fupi ya kuandika kiasi cha ayoni za hidrojeni zilizomo katika kiowevu, kiasi ambacho huwa ni sehemu ndogo mno ya moja, chenye sifuri nyingi baada ya nukta. Badala ya kuandika sifuri hizo, alizihesabu. Maji yenye sehemu moja kwa milioni kumi, yaani sifuri saba chini ya moja, yakapewa namba 7. Yenye sehemu moja kwa milioni moja yakapewa 6. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu: namba inapokuwa kubwa, asidi huwa ndogo, na namba inapokuwa ndogo, asidi huwa kubwa. pH ni hesabu ya uchache wa asidi, si ya wingi wake.

Neno "kiwango" katika Kiswahili halina mpindo huo. Kiwango cha mvua kikipanda, mvua imezidi. Kiwango cha sukari mwilini kikishuka, sukari imepungua. Hakuna msemaji wa Kiswahili, awe mwalimu au mchuuzi wa samaki Feri, atakayesikia kwamba kiwango cha kitu fulani kimepanda akafahamu kwamba kitu hicho kimepungua. Basi tunaposema kwamba kiwango cha asidi kimepanda kutoka 7 hadi 8, tumesema uwongo kwa Kiswahili fasaha. Asidi imepungua, tena imepungua mara kumi.

Tuseme mfasiri amepewa maelekezo ambayo maana yake ni kwamba pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, amonia iliyomo tangini huwa na madhara zaidi kwa samaki. Maelekezo hayo ni ya kweli kabisa. Amonia, ambayo samaki huitoa kwa mashavu yake na ambayo hutokana pia na mabaki ya chakula kinachooza, hukaa majini katika hali mbili: hali moja ni sumu kali, na nyingine haina madhara makubwa. Katika maji yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi na pH ya 7, sehemu iliyo sumu haizidi sana nusu ya asilimia moja ya amonia yote. pH ikifika 8, sehemu hiyo huwa zaidi kidogo ya asilimia 5. Ikifika 9, huwa zaidi ya theluthi moja. Mfasiri wetu, akifuata mazoea, ataandika kwamba kiwango cha asidi kikipanda kutoka 7 hadi 8 samaki wamo hatarini. Msomaji ni mtu mwenye akili timamu, na tangu shule ya msingi anajua kwamba asidi huvunjwa kwa magadi. Atakwenda jikoni, atachukua kijiko cha magadi, atayakoroga ndani ya tangi. pH itaruka kuelekea 9. Hakukosea hata hatua moja katika kufikiri kwake. Alifuata maneno aliyopewa, na maneno ndiyo yaliyowaua samaki wake.

Jambo la pili linalofichwa na neno "kiwango" ni urefu wa hatua. Kila namba moja ya pH ni badiliko la mara kumi. Kati ya 6 na 8 mna tofauti ya mara mia, na kati ya 4 na 8 mna mara elfu kumi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba maji yenye kiwango cha asidi cha 4 yana nusu ya asidi ya maji yenye 8 amekosea mara mbili kwa pamoja, upande na ukubwa. Na hapana budi tukubali kwamba istilahi ndiyo iliyomsukuma huko. Vilevile mfasiri asishawishike kuita badiliko la kutoka 7 hadi 6 kuwa ni "dogo" kwa sababu tu namba zenyewe ni jirani. Samaki aliyezaliwa katika maji ya Tanganyika, ambayo karibu na uso wa ziwa huwa na pH ya karibu 9, hakuumbiwa kuishi penye 7, sembuse 6. Na wako samaki wa mito ya maji meusi ya Amazoni, kama vile wale wa Rio Negro ambako pH hushuka hata chini ya 5, ambao kwao maji ya Tanganyika ni kama sabuni.

Wanaoitetea tafsiri ya "kiwango cha asidi" husema kwamba msomaji wa kawaida hawezi kuzielewa herufi mbili za kigeni, moja ndogo na nyingine kubwa. Sioni kwamba hoja hiyo ina nguvu. Wananchi wetu wamezizoea kilo, lita na volti bila ya kuuliza zimetoka wapi, na fundi wa redio hahitaji tafsiri ya wati. pH si neno la Kiingereza. Ni alama ya kimataifa, na Mjapani huiandika vivyo hivyo. Ninalopendekeza ni kwamba tuiache alama hiyo kama ilivyo, tuseme "kipimo cha pH" tunapotaja namba, na tuseme "uasidi" tunapotaja sifa ya maji yenyewe. Halafu tushike nidhamu moja ya vitenzi: pH hupanda na hushuka, lakini uasidi huzidi na hupungua. Maji yakizidi uasidi, pH yake imeshuka. Mwanzoni sentensi hiyo itamkwaza msomaji kidogo, na ni vema imkwaze, kwa kuwa dhana yenyewe ina mkwazo huo. Istilahi inayolainisha mahali ambapo sayansi ina kona huwa imeiondoa ile kona, na msomaji akifika hapo hupita moja kwa moja akaangukia mtaroni.

Hapa nataka nigusie kwa nini nimechagua "uasidi" na si "utindikali" wala "uchachu". Tindikali ni neno lenye nguvu, lakini katika matumizi ya leo limeelemea upande wa vimiminika vinavyounguza. Mtu asikiapo tindikali hufikiria maji ya betri ya gari, au zile habari za kusikitisha za watu waliomwagiwa usoni. Ukimwambia kwamba maji ya tangi lake yana tindikali atamwaga maji yote, ilhali maji ya mvua safi kabisa huwa na pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, na hayajamuunguza mtu. Uchachu kwa upande wake ni neno zuri, la jikoni, linalonukia ndimu na ukwaju. Ningelipenda lau lisingefungamana na kuharibika: maziwa yaliyochacha, wali uliochacha. (Ingawa, kwa bahati, maji ya tangi lililokaa miezi mingi bila ya kubadilishwa huzidi asidi hasa kwa sababu ya taka zilizomo, hivyo mwenye kusema kwamba maji hayo yamechacha hakuwa mbali na ukweli.) Asidi imekwisha kuingia madarasani na imepata unyambulishaji wake, tubaki nayo.

Kuhusu maji ambayo pH yake ni 7, nimeona wafasiri wakitapatapa. Wako wanaoyaita "maji yasiyofungamana na upande wowote", kana kwamba yamehudhuria mkutano wa Bandung. Wengine huandika "maji yasiyo na asidi wala alkali", na hilo si sahihi, kwani pande zote mbili zimo, isipokuwa zimelingana. "Maji ya kati" yanatosha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko hata lile la pH, ingawa halijazungumzwa sana. Katika vitabu vya kigeni vya ufugaji wa samaki hupatikana maneno mawili yanayofanana kwa umbo, na yote mawili wafasiri wetu huyaita "ualkali". Moja ni sifa ya maji kuwa na pH iliyo juu ya 7. La pili ni uwezo wa maji kupokea asidi bila ya pH yake kuyumba, uwezo ambao mara nyingi hutokana na bikaboneti zilizoyeyuka ndani yake. Wenye lugha hizo wenyewe huyachanganya maneno hayo, na vitabu vyao hulazimika kila mara kumwonya msomaji. Sisi ambao bado tunaunda istilahi zetu hatuna sababu ya kurithi tatizo la wengine.

Mfano utafafanua. Chukua ndoo mbili za maji. Moja ni maji ya mvua yaliyotiwa chembe ya magadi hata pH yake ikafika 7.5. Nyingine ni maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, kama vilivyo visima vingi vya Unguja na vya mwambao, nayo tuseme yana pH hiyo hiyo ya 7.5. Kipimo hakioni tofauti yoyote kati yao. Kamua ndimu, tia matone sawa katika kila ndoo. Maji ya mvua yataporomoka mara moja hadi chini ya 6. Maji ya kisima yatatikisika kidogo tu kisha yatasimama pale pale. Tofauti hiyo ndiyo inayotafutiwa jina. Napendekeza tuiite "uhimili", au kwa ukamilifu wake "uhimili wa asidi", kutokana na kitenzi kuhimili ambacho kila msemaji anakijua: mtu huhimili njaa, boriti huhimili paa. Maji ya kisima yana uhimili mkubwa, maji ya mvua hayana. Na kile kitu kinachotiwa majini ili kuyapa uwezo huo kingefaa kuitwa "kihimilishi".

Faida ya kulitenga neno hili haiko katika kamusi tu. Mwenye tangi ambaye hana neno la uhimili hawezi kueleza msiba ambao humpata mara kwa mara. Bakteria wanaoishi katika changarawe na katika chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na katika kazi hiyo huzalisha asidi. Asidi hiyo huliwa na uhimili wa maji siku baada ya siku. Kwa majuma kadhaa kipimo cha pH huonyesha namba ile ile, mwenye tangi akatulia. Siku uhimili unapokwisha, pH hushuka ghafla, bakteria hupunguza kazi, na samaki waliokuwa wazima jana huonekana wakihema juu ya maji. Akiwa na neno moja tu la ualkali kwa mambo yote mawili, atasema kwamba ualkali ulikuwa mzuri hadi jana. Kwa hakika ulikuwa ukipungua tangu mwezi uliopita. Alichokosa ni jina la kitu cha kupima.

Nirudi jikoni, maana huko ndiko dawa nyingi za tangi zinakotoka, na huko ndiko mfasiri anakohitaji tahadhari kubwa kuliko maabarani. Neno magadi ni tunu ya Kiswahili, neno la mapishi na la ugoro, na ziwa zima la Kenya limeitwa kwalo. Katika Ziwa Magadi lenyewe wamo samaki wadogo wa jamii ya perege waishio katika maji yenye pH ya karibu 10. Kwa kuwa katika maji kama hayo ni vigumu mno kuitoa amonia kwa njia ya kawaida ya samaki, hao hutoa taka yao kwa umbo la urea. Lakini neno hilo moja twalitumia kwa magadi ya mawe, kwa magadi ya kufulia nguo na hata kwa ile soda ya kuumulia keki. Kwa mkemia hizo si kitu kimoja. Soda ya keki ni bikaboneti ya sodiamu, ambayo huongeza uhimili na kuivuta pH taratibu hadi karibu 8. Soda ya kufulia ni kaboneti ya sodiamu, ambayo huweza kuisukuma pH hadi 10 na zaidi. Magadi ya mawe ni mchanganyiko wa hizo mbili. Mfasiri akiandika "tia kijiko cha magadi" bila ya kuainisha, amemwachia msomaji bahati nasibu. Aandike "soda ya keki", na aongeze kwamba si hamira, kwani wako wapishi wanaoviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, na hamira ni chachu itakayooza ndani ya maji.

Chokaa nayo ni mtego. Kwetu chokaa ni ile ipakwayo ukutani, na pia ni mawe ambayo hayajachomwa. Maelekezo ya kigeni yanapotaka vipande vya mawe ya chokaa viwekwe ndani ya tangi ili vipandishe uhimili polepole, neno "chokaa" peke yake litamfanya msomaji atie unga wa ukutani, ambao maji yake hufikia pH ya 12. Afadhali kutaja matumbawe yaliyosagwa au makombe ya pwani, vitu ambavyo kila mtu wa mwambao anavijua. Nisingetaja kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya chokaa lina pia maana ya ndimu, kama nisingejua wepesi wa mfasiri aliyechoka kuchukua maana ya kwanza iliyomjia.

Kwa "maji magumu" na "maji laini" sina ugomvi. Mama anayefua anajua maji yasiyotoa povu, na shule imekwisha kuyaita magumu. Inatosha kukumbusha kwamba ugumu si uhimili, ijapokuwa mara nyingi huandamana.

Limebaki neno ambalo limo hata katika jina la fani hii. Samaki wasio wa bahari twawaita samaki wa maji baridi, na idara za uvuvi zimelitumia neno hilo kwa miaka mingi bila ya tatizo, kwa kuwa mvuvi wa Mwanza hana haja ya kupasha ziwa joto. Tatizo huzuka tangini. Wapenzi wa samaki huwagawa wale wasio wa bahari katika makundi mawili: wanaotaka maji ya joto la nyuzi 24 hadi 27, na wanaostahimili maji yaliyopoa, kama vile samaki wa dhahabu. Mfasiri hujikuta akiandika kwamba samaki huyu wa maji baridi asiwekwe katika maji baridi. Watu wa pwani wana neno jingine, maji matamu, wanalolitumia kwa kisima kisicho na chumvi, na katika maandishi ya aina hii naliona kuwa ni bora. Atakayesema kwamba utamu utaleta fikra ya sukari aulize wachota maji wa Pemba kama waliwahi kuhadaika. Idara za uvuvi na ziendelee na maji baridi katika taarifa zao. Lakini katika kitabu chochote kitakachozungumzia joto la maji na asidi yake katika ukurasa mmoja, mfasiri aandike maji matamu, na aeleze hivyo katika dibaji.